Mlango wa Landrova ya Rungwa

Tangu rafiki yangu Gasto anisimulie haya, asali siigusi. Yeye na wenzake wapenda magari ya kale walikwenda gereji ya mzee Manji, Singida mjini, kuona Landrova kuukuu iliyotoka Rungwa. Ndani ya mlango wake kulikuwa kunavuma, na asali ikichuruzika. Gasto ni mtu wa Itigi, nchi ya nyuki, asali haimpiti. Akachovya kidole, akalamba.

"Mzee Manji, nyuki wako wana asali tamu!"

"Nyuki gani?"

Manji akabandua bati la ndani. Mle gizani hamkuwa na nyuki wala sega, ila furushi la nywele za mtu, zimelowa, zinanuka mzoga. Gasto akatapika. Mlango ukanyamaza.

Jana nilikaa na Gasto meza moja. Alikuwa kafunga mdomo, lakini tumboni mwake kulikuwa kunavuma.