Yai la Kuku na Kisasi cha Pilipili

Kila asubuhi ya likizo, Pilipili alifagia nyuzi na vipande vya vitambaa chini ya cherehani ya mama yake. Mama alikuwa fundi wa nguo, na chumba cha mbele ndicho kilichokuwa karakana yake. Binamu wa Pilipili, Taratibu, aliyekuja kukaa nao mpaka shule zifunguliwe, aliosha vyombo. Wakimaliza, waliruhusiwa kucheza gemu kwenye televisheni, kwa sharti moja tu. Mama akiita "Pasi!", waya wa televisheni na mashine ya gemu unachomolewa papo hapo, maana soketi ilikuwa moja na mteja hapendi kungojeshwa.

Pilipili hakupewa jina hilo bure. Ukimkanyaga kwa bahati mbaya, yeye atakukanyaga kwa makusudi, tena mara mbili.

Gemu yao iliitwa Ufalme wa Jikoni, Sehemu ya Pili. Katika sehemu ya kwanza Mfalme Kitunguu alishindwa na kufukuzwa. Katika hii alikuwa amerudi na hasira zake zote, akaiba vicheko vya raia. Mchezaji alizunguka nchi akitafuta marafiki wa kumsaidia kuvirudisha. Kulikuwa na bata nahodha anayeogopa maji, mbuzi mchawi anayesahau uchawi katikati ya vita, na sufuria inayokoroma. Kila binamu alikuwa na safari yake. Ili kuihifadhi ulikwenda kiotani, ambako kuku alitaga yai akalibeba polepole, huku akisimama kujikuna, mpaka alipolitumbukiza kikapuni. Ukizima kabla yai halijaingia, linavunjika, na safari nzima inapotea.

Asubuhi moja Pilipili aliwasha gemu, akakuta kiota chake kina maganda matupu. Bata, mbuzi na sufuria, wote hawapo.

"Umeifuta safari yangu," alimwambia Taratibu.

"Mimi? Sijaigusa."

"Jana nani alicheza wa mwisho?"

"Mimi. Lakini nilicheza yangu."

"Na nani alisema nikimpita tena atanikomesha?"

"Nilikuwa nakutania tu, Pilipili."

"Utani gani huo?" alisema, akageuka asimwone. Moyoni alikwisha kumhukumu.

Mchana mama alimtuma Taratibu kununua vifungo. Mlango ulipofungwa tu, Pilipili aliketi mbele ya televisheni na kuifungua safari ya binamu yake. Taratibu alikuwa amefika mbali, karibu kabisa na lango la Mfalme Kitunguu. Kwao hapakuwa na gemu, kwa hiyo asipoimaliza likizo hii, hataimaliza tena. Pilipili alilijua hilo vizuri, na ndiyo maana akachagua hapo hapo pa kumuumizia.

Kwanza alilichukua koti la mvua la bata, ambalo Taratibu alilihangaikia siku nyingi ili bata akubali kuvuka mto. Akampa chura mchuuzi, akapokea ganda moja la kitunguu. Kisha akamfukuza bata mwenyewe. "Nimekukosea nini?" bata aliuliza kwenye kioo. Pilipili akabonyeza "Ondoka". Alijisikia vizuri, na tusidanganyane, alijisikia vizuri sana. Mbuzi akafuata, na sufuria ikaondoka ikikoroma.

Alikwenda kiotani ili kisasi chake kisifutike. Kuku alitaga, akaanza safari yake ya pole.

"Pasi!" mama aliita.

Mkono wa Pilipili ukaushika waya wenyewe, bila hata kufikiri. Akajizuia. "Kidogo tu, mama, yai halijafika."

"Tangu lini unangoja yai?" mama aliuliza. "Jana niliita, hata sijafunga mdomo ulishachomoa."

Pilipili akakumbuka. Jana kuku alikuwa katikati ya njia, amesimama kujikuna. Aliona kwa macho yake, akachomoa, akakimbia kumfungulia mteja mlango. Taratibu hakufuta kitu. Alitaka kukizuia kisasi, lakini hakujua afanyeje, maana akichomoa sasa safari ingepotea yote. Pilipili akiwa bado anasita, kuku alilitumbukiza yai kikapuni.

Taratibu aliporudi, Pilipili angeweza kumwambia kwamba pasi ndiyo iliyoharibu. Maneno hayo yalimfikia mpaka ulimini. Akayameza.

"Nimewafukuza marafiki zako wote," alisema. "Nilidhani umenifuta. Kumbe nilijifuta mwenyewe."

Taratibu aliviweka vifungo mezani. Aliichomoa mashine ya gemu, akaishika juu ya ndoo ya maji ambayo mama alinyunyizia nguo kabla ya kuzipiga pasi.

"Tumbukiza," Pilipili alisema huku akilia. "Nimestahili."

"Ukiitumbukiza," mama alisema, pasi mkononi, "kesho naye atatafuta chako cha kutumbukiza. Mtaishia kutumbukizana wenyewe, na ndoo yangu ni ndogo."

Mwishowe Taratibu aliishusha mashine mezani, akaenda kukaa uani peke yake.

Siku zilizobaki Pilipili aliosha vyombo vya zamu zote mbili. Zamu yake ya kucheza aliitumia kwenye safari ya Taratibu. Alimkuta bata amenuna kwa bibi yake, juu ya kilima kisicho na hata dimbwi. Hakutaka chakula wala zawadi. Alitaka aliyemfukuza amwombe radhi, kisha amchekeshe. Chura naye hakulirudisha koti mpaka alipooshewa sahani zake zote, kwa hiyo Pilipili akawa anaosha vyombo jikoni na kwenye televisheni.

Siku ya mwisho ya likizo Taratibu, marafiki zake wote wakiwa wamerudi, alimshinda Mfalme Kitunguu, na vicheko vikarudi kwa raia. Pilipili alitazama akiwa mlangoni, mikono ina povu.

"Njoo uone," Taratibu alimwita. "Ila usiguse waya."

Kuku alikuwa ndiyo kwanza ametaga yai la mwisho wakati mteja alipobisha hodi. Binamu wote wawili wakamtazama mama, lakini mama aliiweka chini pasi yake baridi.

"Mwacheni kuku afike," alisema. Kisha akamgeukia Pilipili. "Mwanangu, kitambaa cha mtu sikikati kabla ya kuuliza, kwa sababu mkasi hauna samahani. Wewe ulikata kwanza ndipo ukauliza. Siku nyingine ukiona umekosewa, uliza, na swali la kwanza ujiulize mwenyewe."

Mteja alingoja nje mpaka yai lilipoingia kikapuni.