Barua ya Ukaaji

Watu wa mpakani, sogeeni karibu niwape habari ya Sylvia Naliaka. Lililompata yeye linaweza kumpata mwingine wetu, na huenda liko njiani tayari.

Naliaka alikuwa amepanga chumba upande wa Uganda, hatua chache tu kutoka kizuizi cha mpaka. Chumba kikubwa, maji ndani, kodi nusu ya ile ya upande wetu wa Kenya. Asubuhi alikaanga mayai yake mawili, akanywa chai mlangoni, hakuna wa kumwita, hakuna wa kumtuma. Kisha alivuka mpaka kwa miguu kwenda kuuza dawa katika duka la Yahya, mjini Busia. Jioni alivuka tena akarudi kulala. Tunao wengi wa namna hiyo huku kwetu: mchana Mkenya, usiku Mganda, na maisha yanakwenda.

Kwao hasa ni Butula, kijiji kimoja karibu na soko la Khunyangu. Miaka minne nyuma alimzika mama yake Leonida huko, akafunga nyumba, akaondoka. Hakugombana na mtu. Alichoka tu. Alichoka na michango ya matanga, akachoka na wajomba wasiokwisha haja, akachoka na simu za "Naliaka, kwa fulani kuna kilio." Mwanzo alijibu kwamba yuko kazini. Baadaye akawa anaiacha simu ilie mpaka inyamaze. Mwisho haikulia tena. Akasema moyoni, sasa nimepumzika.

Kumbe si kila kimya ni pumziko.

Siku moja Nusura, mke wa Yahya, aliingia dukani ameshika simu juu.

"Naliaka, si wewe ulisomea afya ya jamii? Kaunti inatafuta mhudumu mmoja kila wadi. Kazi ya kudumu, na pensheni. Wadi yenu iko hapa, angalia."

"Mwisho lini?"

"Bado wiki tatu."

"Haya basi, daktari ametuacha!" Yahya akasema kutoka nyuma ya rafu. "Sasa nani atawagombeza hawa wanaomeza nusu dozi?"

Naliaka alisoma tangazo mara mbili. Diploma alikuwa nayo, imelala ndani ya sanduku miaka kumi. Umri usizidi thelathini na mitano. Yeye alikuwa na thelathini na minne na miezi kumi. Hapo akaelewa kwamba mlango huu ukifungwa, hautafunguka tena kwake. Sharti la nne lilisema mwombaji awe amekaa ndani ya wadi miaka mitatu mfululizo hadi sasa, na alete barua ya naibu wa chifu. Hilo alilipita haraka. Kitambulisho changu kinasema Butula, alijiambia. Barua ni kazi ya dakika tano.

Wiki ya kwanza alitoa kopi za vyeti. Wiki ya pili mvua ilinyesha, akasema barabara mbaya. Ya tatu ilikuwa ni kesho, kesho. Maombi yalikuwa yafungwe Ijumaa saa kumi na moja jioni, na ni Alhamisi asubuhi ndipo alipopanda gari kwenda Khunyangu.

Naibu wa chifu, bwana mmoja aitwaye Paulinus, alimpokea vizuri.

"Shida ni moja, dada. Mimi nimeanza kazi hapa mwaka jana, na sura yako ni ngeni kwangu. Pata mstari mmoja tu kutoka kwa liguru wenu, aseme unakaa kwake. Nikiona mkono wake, nagonga muhuri."

Liguru ni mzee wa kijiji, yule anayejua nani kazaliwa na nani kafa. Wa kwao alikuwa Mzee Mulama. Akaambiwa yuko matangani.

Naliaka aliingia boma la msiba na viatu vyake vya mjini. Wanawake walikuwa wanapepeta mchele karibu na mafiga. Mmoja akamtazama juu mpaka chini.

"Mama, umekuja na wageni wa Nairobi?"

"Hapana. Mimi ni Naliaka, wa Leonida."

"Leonida yupi?" Akafikiri. "Ooo! Yule aliyemezwa na Uganda."

"Mwacheni," mwingine akasema, "leo upepo umempelekea harufu ya nyama."

Wakacheka, si kwa ubaya sana, wakaendelea na mchele wao. Hakuna aliyempa ungo apepete. Alisimama pale kama kigingi cha mbuzi aliyeuzwa.

Alimkuta Mzee Mulama nyuma ya nyumba, akiwasimamia vijana wachimba kaburi.

"Mulembe, Mzee. Mimi ni Naliaka, wa Leonida."

Mzee akavua kofia. "Mulembe. Leonida alikuwa mtu wa watu. Asante kwa kuja kumlilia Oduori."

Naliaka hakuwa amejua aliyekufa ni nani. Hakuwa ameuliza. Na Oduori ndiye aliyepiga jembe la kwanza kwenye kaburi la mama yake.

Mzee alimsoma usoni. "Hukujua."

"Sikujua, baba. Nimekuja kwa ajili ya barua." Akaeleza: kazi, sharti, kesho saa kumi na moja.

"Kwa hiyo unataka niandike kwamba unakaa hapa."

"Nilizaliwa hapa, baba. Kitovu changu kimezikwa hapa."

"Kitovu kiko, sikatai. Wewe mwenyewe uko wapi?"

Kijana mmoja akainua kichwa kutoka shimoni. "Liguru, si uandike tu? Ni mtoto wetu huyu."

"Ni wetu, na nitaandika ni wetu," Mzee akasema. "Lakini Sharlyne wa Bwire pia ameomba kazi hiyo. Yuko pale anaosha sufuria tangu alfajiri. Hakuna kilio sijamwona, hakuna mgonjwa hajambeba. Nikiandika kwamba nyinyi wawili mmekaa sawa, nitamtazama vipi? Serikali inaniuliza nani amekaa. Mimi sina mitambo, msichana wangu. Nina macho tu, na macho yangu hayajakuona miaka minne."

Alimwandikia. Barua ilisema: *Huyu ni mzaliwa wa kijiji hiki, binti wa marehemu Leonida. Kwa sasa anaishi Uganda.* Paulinus akaigonga muhuri bila kuongeza neno.

Usiku ule Naliaka alifikiria nani mwingine angeweza kumtolea ushahidi. Alipitia majina yote ndani ya simu. Kulikuwa na Yahya, Nusura, wauzaji wa dawa wa jumla na mtu wa gesi. Akaizima.

Ijumaa alipeleka maombi yake na barua ile ile, saa kumi na nusu. Huenda alitumaini hawataisoma. Waliisoma. Baada ya wiki mbili orodha ilibandikwa. Sharlyne Bwire aliitwa kwenye usaili, na ndiye aliyepata kazi. Mbele ya jina la Naliaka waliandika maneno manne tu: *Hakutimiza sharti la ukaaji.*

"Pole, dada," Nusura akamwambia. "Ungeniambia mapema tungetafuta njia."

"Njia ilikuwepo miaka minne," Naliaka akajibu. "Mimi ndiye sikuipita."

Mwisho wa mwezi alifunga virago. Aliamua kufungua nyumba ya mama yake, awe anasafiri kila asubuhi kuja kazini, mbali kama ni mbali. Hakujua watampokea vipi. Alibisha mlango wa mama aliyempangisha chumba, kumrudishia ufunguo.

Mama yule alikuwa anamenya matoke. Alipokea ufunguo, akamtazama kwa huruma.

"Unaenda kabisa? Ulikuwa mpangaji muzuri. Hakuna kelele, hakuna wageni." Akafuta mkono kwenye gauni lake la gomesi, akampa mkono. "Kumbe nakuitanga tu Mukenya. Jina yako nani?"

Funzo

Ndugu zangu, tangazo la kazi ya umma likitoka, lisome lote, hasa sharti lile unaloliona dogo. Barua ya ukaaji itafute siku ya kwanza, maana siku ya mwisho ni ya waliokwishajiandaa. Na msidhani kuzaliwa mahali ni kukaa mahali. Kitambulisho kinasema ulikotoka, lakini ni jirani anayesema unakoishi, naye atasema alichokiona. Ukikimbia vilio vya wenzako ili upate utulivu, utaupata, tena mwingi. Siku utakapohitaji mtu mmoja aseme "huyu namjua," huo utulivu hautakuwa na mdomo.