Kamera Iliyotaka Kuchaguliwa

Jua lilikuwa linazama Chura alipofuatana na kaka yake kwenda kutafuta kamera ya kupigia picha chini ya maji. Jina la Chura alimpa huyohuyo kaka, maana utotoni dada mtu hakutoka majini mpaka avutwe sikio. Kaka ndiye aliyemfundisha kupiga mbizi. Sasa chuo cha kuogelea kilikuwa kimemwahidi kazi ya kudumu ya kupiga picha, mradi aende na vifaa vyake. Na mfuko wake, jamani, ulikuwa umetoboka.

Alishapanga kichwani. Angechukua kamera ndogo na kasha la plastiki la kuzuia maji, kinachobaki akitie kwenye taa. Chini ya maji rangi nyekundu hufa kwanza. Bila taa, hata bibi harusi hutoka na sura ya maiti.

Duka lilikuwa chumba kimoja nyuma ya kinyozi. Muuzaji alikuwa mama mmoja mchache wa maneno, nywele zake zinachuruzika maji. Nje hakukuwa na mvua. Akaweka kamera mbili mezani: ile ndogo, na nyingine kubwa yenye kasha la chuma, taa mbili na lenzi safi kabisa.

Bei ileile.

"Mbona hii rahisi hivi?" Chura alimnong'oneza kaka yake.

"Usiulize. Chagua."

"Nichagulie basi, wewe ndiye mjuzi."

"Hapana!" Kaka alirudi nyuma. "Chagua mwenyewe... kwa mkono wako."

Mkono ukaenda kwenye ile kubwa. Nani angeiacha?

"Hujalazimishwa?" aliuliza muuzaji.

"Nilazimishwe na nani? Nimeletwa na kaka yangu."

Yule mama akacheka kidogo. Kaka akashusha pumzi kama mtu aliyetua gunia, na Chura, maskini, akadhani anamfurahia.

Walikuwa wakiishi nyumba moja. Walipofika, Chura aliingia chumbani kwake na beseni la maji, akafanya wanachofanya wapiga mbizi wote kabla ya kuliamini kasha jipya. Alitia karatasi laini ndani bila kamera, akalifunga, akalizamisha. Karatasi ikatoka kavu. Vizuri. Akaiweka kamera ndani, akalizamisha tena na kupiga picha ya chini ya beseni, palipochorwa ua jeupe.

Klik.

Kwenye skrini hapakuwa na ua. Palikuwa na maji mazito, meusi, yasiyo na mwisho... na mtu anaelea, macho kayafumba.

Kaka yake.

Klik. Sura ya kaka ilikuwa imeanza kufifia. Harufu ya matope ikajaa chumbani.

Klik.

Sasa alikuwa yeye mwenyewe. Na macho yake yalikuwa wazi.

Chura alipiga yowe. Kaka akafungua mlango, wala hakushtuka. Hilo ndilo lililomuuma kuliko picha.

"Umeshaona," alisema.

"Kaka... hiki ni nini?"

"Sijui ni nini. Ilikuwa yangu. Kila nikizama, kitu kinanishika mguu. Nikaipeleka kwa yule mama. Akasema hakitaniacha mpaka kamera itakwe na mtu anayeniamini."

"Ukanitia mkenge mimi."

"Nina mtoto, Chura. Wewe huna."

Heri angempiga kofi. Huyu aliyemshika kidevu asimeze maji, leo ndiye anayemsukuma chini! Kifua kikamwaka, machozi yakamkataa.

"Umenitoa kafara. Mimi! Wa tumbo moja!"

"Nawe unaweza kuiondoa," kaka alinong'ona haraka. "Yeyote anayekuamini, mradi aitake mwenyewe. Ila..." Akageuka kutazama ukumbini. "Mwanangu usimguse. Nakupigia magoti."

Na kweli alipiga magoti.

Haki ya Mungu, Chura hakuwa amemfikiria yule mtoto hata kidogo. Wazo alilitia kaka kwa kinywa chake.

Miguu midogo ikasikika inakimbia ukumbini.

"Shangazi! Ndiyo kamera mpya hiyo? Nzuri! Naitaka! Nipe niishike!"

Siku zote shangazi alimjibu kabla hajamaliza kusema.

Ndani ya beseni, mapovu yalianza kupanda. Moja... moja...

Chura alimtazama kaka yake machoni, wala hakumkataza mtoto.