Sindano ya Wahabu

Kulusum alikuwa anakanda unga wa mandazi nyumbani kwake Koboko, kaskazini mwa Uganda, aliposikia mumewe anakohoa tena. Mumewe, Hamdani, hubadilisha pesa Oraba, kwenye mpaka na Sudan Kusini. Kutwa nzima huongea na madereva wa malori, na siku hizo za korona wengi wao walikuwa wanakohoa.

"Leo usiende," Kulusum alimwambia. "Mwili yako iko moto."

"Napita kwa Wahabu kwanza," Hamdani akajibu.

Wahabu ni mdogo wake Hamdani. Amesomea utabibu, ana cheti, na kliniki yake iko karibu na soko. Wiki chache kabla, alimdunga sindano dereva mmoja aliyekuwa anahema kwa shida. Dawa yenyewe iliitwa deksamethasoni. Dereva akapona, na habari zikaenea mji mzima. Kila aliyepiga chafya akataka sindano ile, na Wahabu akawadunga wote bila kuchagua. Mgonjwa akirudi nyumbani bila sindano, majirani husema hajatibiwa.

Kulusum alimfuata mumewe hadi kliniki.

"Shemeji, kaka yako iko na sukari," alisema. "Hii dawa haina shida?"

"Hakuna shida. Dereva ile ilipona. Mimi niliona na macho yangu."

"Lakini Hamdani anapumua vizuri. Anakohoa tu."

"Shemeji, nani daktari hapa? Mimi ama wewe?"

Kulusum akasogea pembeni. Wahabu akamdunga kaka yake siku hiyo, na kesho yake, na keshokutwa yake.

Kikohozi kilibaki vilevile, lakini Hamdani akashikwa na kiu isiyokwisha. Alikunywa maji, akakojoa, akanywa tena. Kisha akaanza kutapika. Alipomwita Kulusum kwa jina la dada yake mwenyewe aliyekwisha kufa, Kulusum hakungoja tena. Alikodi gari, wakaenda moja kwa moja hospitali ya Arua.

Daktari Lillian alipima damu ya Hamdani. Akatikisa kichwa.

"Sukari yake imepanda vibaya sana," alisema. "Mngechelewa kidogo tu, mngempoteza."

Wakamtundikia maji na kumpa insulini. Kulusum alikesha nje. Wahabu alipofika asubuhi, hata salamu hakupewa.

"Mimi nilikuambia iko na sukari!" Kulusum alipaza sauti. "Nilikuambia, wewe ukafunga masikio! Yeye akikufa, mimi naambia watoto nini? Baba mdogo yenu ndiyo aliua?"

Askari wa getini akaja kumnyamazisha. Daktari Lillian alikuwa ametoka nje.

"Mwache," alimwambia askari. "Mama huyu ana haki ya kukasirika."

Kisha akamgeukia Wahabu. "Kwa nini ulimpa dawa ile?"

"Dereva moja ilipona, daktari."

"Mtu mmoja! Labda angepona hata bila dawa. Mtu mmoja hawezi kutufundisha. Sikiliza. Watafiti walichukua wagonjwa maelfu. Waliwagawanya kwa bahati nasibu. Kundi moja lilipata dawa hii, lingine halikupata. Halafu wakahesabu waliokufa. Waliohitaji oksijeni, dawa iliokoa wengi. Wasiohitaji oksijeni, haikuwasaidia, na huenda iliwadhuru. Tena inapandisha sukari. Yote haya yako kwenye mwongozo wa wizara ya afya. Hukuupata?"

Wahabu alitazama chini. "Niko nayo kwa simu. Sijafungua."

Kulusum aliposikia hivyo alipandwa na hasira upya. Ukweli ulikuwa mfukoni mwa mtu huyu siku zote, na yeye alikuwa anadunga watu tu! Akaondoka pale asije akampiga.

Hamdani alirudi nyumbani amekonda, lakini mzima. Asubuhi moja Kulusum alijifunga leso, akavaa barakoa, akaenda kusimama mlangoni mwa kliniki. Alitaka kuona mwenyewe kama Wahabu bado anadunga kila mtu.

Mchuuzi mmoja, Ondoga, alikuwa amekunja mkono wa shati tayari. Wahabu, ambaye sasa alikuwa amesoma mwongozo, alimwuliza kama ana sukari, naye akasema hana. Akambana kidole kwa kifaa kidogo cha kupima hewa ya oksijeni kwenye damu.

"Hewa yako iko sawa. Hakuna sindano. Meza panadol, kunywa maji, pumzika mbali na watu. Ukishindwa kupumua, kuja mbio."

"Sindano iko wapi?" Ondoga akafoka. "Kaka yako ulidunga, mimi unanyima!"

Foleni yote iligeuka kuwatazama. Wahabu alijifuta jasho.

"Ndiyo, nilidunga yeye," alisema kwa sauti. "Na karibu niue yeye."

Ondoga akaondoka anasonya. Aliyefuata alikuwa Kiden, mama kutoka Sudan Kusini, anayehema kwa shida. Kifaa kilionyesha hewa yake imeshuka sana. Wahabu hakupoteza muda. Aliita ambulansi na kumdunga deksamethasoni, maana huyu ndiye aliyeihitaji. Akapelekwa Arua kwenye oksijeni.

Kiden alipona. Ondoga naye alipona, kwa panadol na maji. Watu wakaanza kuzoea kutibiwa bila kuchomwa, ingawa manung'uniko hayakukosekana.

Kulusum aliendelea kuja. Siku moja Wahabu akamsogelea.

"Shemeji, bado hujasamehe mimi?"

"Bado," Kulusum akajibu. "Wewe pima watu. Kesho nakuja kuangalia tena."