Wening na Gitaa Aliloliita Bovu

"Umemuuzia mwanangu takataka, Mzee Giyanto! Takataka iliyopakwa rangi nyekundu!"

Mama Wening alisimama mlangoni kwa jirani yake huku amelikumbatia gitaa la umeme kama mtu aliyemkamata mwizi wa kuku.

"Mama Wening, punguza sauti," alisema Mzee Giyanto. "Watu wanaoga."

"Waoge na wasikie! Wajue unavyowafanyia watoto wa wenzio!"

Majirani hawakungoja kualikwa. Kichochoro chao pale mjini Malang ni chembamba, mtu akikaanga pilipili upande huu, wa upande ule anapiga chafya. Bibi Tumirah aliacha nguo zake nusu zimeanikwa, nusu ziko kwenye beseni. Muuza supu ya vinyama vya duara alisimamisha mkokoteni wake, ingawa hakuna aliyemwita. Watoto walipanda juu ya ukuta wa msikiti mdogo ili waone vizuri.

Wening, mwenye gitaa, alikuwa nyuma ya mama yake, anaangalia kandambili zake. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na ndiye aliyesema kwamba gitaa ni bovu. "Linakwaruza, Mama," alilalamika juzi mbele ya Bibi Tumirah, na asubuhi ile tena. "Halitoi sauti. Nafikiri Mzee ametuuzia bovu." Alisema tu ili mama aache kumuuliza kwa nini hajui kupiga bado. Hakujua kwamba mama angeacha tempe zake, vile vipande vya soya, kwenye mafuta na kutoka mbio.

"Bovu liko wapi?" Mzee Giyanto sasa naye alianza kupandwa na hasira. Alikuwa fundi wa magitaa tangu ujana wake, na chumba chake cha mbele ndicho kilichokuwa duka, karakana na shule ya muziki ya watoto wa mtaa. "Hebu lete hapa."

Alilinyakua, akachomeka waya kwenye spika ndogo iliyokuwa kizingitini, akakaza uzi mmoja. Kisha akacharaza. Sauti ilitoka safi, ikajaa kichochoro chote, hata muuza supu akaanza kugonga bakuli kwa kijiko kufuatisha mapigo.

"Haya! Hilo ndilo bovu lenu?"

"Wewe fundi!" Mama Wening hakurudi nyuma hata hatua. "Wewe ukipewa ufagio utauimbisha. Mwanangu ndiye hawezi kulipiga, na ulisema linamfaa anayeanza!"

"Na linamfaa! Ni jepesi, shingo yake nyembamba, nyuzi ziko chini haziumizi vidole. Nilimpakatisha moja baada ya jingine, mpaka nikamnyima lile lenye pembe alilolitaka kwa sababu ya sura. Shahidi si wewe mwenyewe, si ulikuwepo?"

"Nilikuwepo, nikadanganywa nikiwa macho!"

"Uuuu," alisema Bibi Tumirah, na watoto wa ukutani wakaitikia.

Neno hilo lilimchoma Mzee Giyanto. "Mimi? Nimdanganye mtoto? Niliyewatengenezea watoto wenu magitaa nusu ya miaka ya maisha yangu?"

Ndipo Ratri alipojipenyeza katikati ya watu. Ratri alisoma darasa moja na Wening, na wawili hao walikuwa wamejiandikisha kupiga pamoja kwenye jukwaa la mtaa siku ya sherehe za Uhuru, mwezi Agosti. Uso wake ulikuwa mwekundu.

"Mzee, baba amenikataza kuja kujifunza kwako," alisema kwa sauti ya kulia. "Amesikia sokoni kwamba unawauzia watoto vitu vibovu. Hata lile gitaa la besi aliloliagiza, anasema basi, hataki tena."

"Sokoni?" Mzee Giyanto aliuliza taratibu. "Imeshafika sokoni?"

Bibi Tumirah alikumbuka ghafla nguo zake.

Mzee alizima spika. Aliingia ndani, akaanza kung'oa waya ukutani. "Vizuri. Kama mimi ni mwizi wa watoto, basi kuanzia leo mtoto yeyote asikanyage hapa. Agosti mtafute wa kuwafundisha. Pigeni hata masufuria."

Ratri alimgeukia Wening, machozi yanamtiririka. "Umefurahi sasa? Wewe na gitaa lako! Kama hujui kupiga si useme hujui!"

Wening alipandwa na hasira. Ilikuwa hasira juu yake mwenyewe, na juu ya mkono wake wa kulia, na juu ya ile siku dukani.

Siku ile Mzee Giyanto alimuuliza swali jepesi kuliko yote: "Unacharaza kwa mkono upi, mwanangu? Wa kulia, au wewe ni mashoto?" Ukutani palikuwa na gitaa moja la buluu, limetengenezwa kwa ajili ya mashoto, na macho ya Wening yalikuwa yameshatua juu yake. Lakini mama alikuwa amesimama ubavuni. Mama yule aliyemfundisha tangu anatambaa kupokea kitu, kutoa kitu na kula kwa mkono wa kulia. "Mkono mtamu, Wening! Mkono mtamu!" Mtamu ulikuwa wa kulia; wa kushoto ulikuwa mkono wa chooni, mkono wa kumtia mzazi aibu mbele za wageni. Basi Wening akanyoosha wa kulia. "Huu, Mzee," alisema. Na mama akatabasamu.

Tangu hapo kila jioni vidole vilimgomea. Mkono wa kulia ulicharaza kama unafukuza nzi. Mlango ukifungwa, alilipindua gitaa juu chini ili acharaze kwa kushoto, lakini nyuzi nene zilikuja chini na kila kitu kikawa kinyume.

"Si bovu!" Wening alipiga kelele mpaka akajishtua mwenyewe. "Gitaa si bovu! Mzee hakunidanganya. Mimi ndiye niliyemdanganya yeye. Mimi ni mashoto!"

Muuza supu aliangusha kijiko ndani ya bakuli.

"Wening!" Mama alimshika bega. "Unasema nini mbele za watu? Nyamaza!"

"Sinyamazi, Mama! Aliponiuliza nilisema wa kulia kwa sababu uliniangalia. Naandika kwa kulia kwa sababu utanipiga kibao. Lakini huu," akauinua wa kushoto juu, watu wote wauone, "huu ndio mkono wangu!"

"Mkono wa chooni huo, mtoto wewe! Utapanda nao jukwaani, mtaa mzima uuone?"

Mzee Giyanto alitoka mlangoni na waya umemning'inia shingoni. "Chooni? Ngoja kwanza, mama. Uliniita mwongo nikavumilia. Hili sivumilii." Alinyanyua mkono wake wa kushoto na kuonyesha ncha za vidole, ngumu kama kwato. "Mimi napiga kwa kulia. Lakini kwenye shingo ya gitaa, anayetafuta kila sauti ni huu hapa, wa kushoto. Kila mpiga gitaa uliyemshangilia kwenye harusi, huu ndio ulioteseka. Tukautupe? Adabu ya mezani ni ya mezani. Mwachie mwanao adabu yake ya kupokea na kutoa, lakini usimkate mkono!"

"Lo, kweli hiyo!" alisema Bibi Tumirah, ambaye tangu hapo hakuwa ameanika hata leso moja.

Mzee hakungoja jibu. Alilitungua gitaa la buluu, akamvisha Wening mkanda, akarudisha waya kwenye spika. "Bana nyuzi mbili tu. Charaza."

Wening alibana, akacharaza. Haukuwa wimbo, na uzi mmoja ulilia vibaya. Lakini mapigo yalikaa sawasawa, moja baada ya jingine, bila kujikwaa. Mtoto mmoja ukutani akaanza kupiga makofi. Ratri alifuta pua kwa mkono wa blauzi, akasema kwa kununa, "Afadhali. Kidogo."

Mama Wening aliangalia vidole vya mwanawe kwa muda. Alipogeuka, macho yalikuwa yamemlowa, lakini sauti ilikuwa ileile ya mwanzo.

"Sikilizeni nyote! Mzee Giyanto hakuniuzia kitu kibovu. Mwanangu alisema uongo, na aliyemtia hofu ya kusema kweli ni mimi. Aliyesikia sokoni, akarudishe sokoni! Mzee, nisamehe."

"Wa nyuma hatujasikia!" mtu mmoja alitania.

"NIMESEMA ANISAMEHE!"

Watu wakacheka. Mzee Giyanto hakucheka. Alichuchumaa mbele ya Wening, uso kwa uso.

"Mwanangu, mimi nilikuuliza ili nikusaidie. Sikukuuliza ili nikuhukumu. Mtu anayetaka kukusaidia ukimficha ukweli, hata awe hodari namna gani, atakusaidia vibaya. Kisha uongo wako mdogo haukukaa mfukoni mwako. Umeniharibia jina, na umemkosesha mwenzako masomo. Ukiona aibu, sema polepole, sema kwa machozi, lakini sema. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Mzee. Nisamehe." Alimgeukia rafiki yake. "Na wewe, Ratri. Nitakwenda mwenyewe kumweleza baba yako."

"Kesho asubuhi," alisema Ratri. "Na nitakuwa nasikiliza."

Mzee alisimama kwa shida, akakung'uta magoti. Alianza kurudi ndani, mgongo wake bado umekakamaa kwa hasira.

"Unakwenda wapi?" Mama Wening alimwita. "Nina mchuzi mweusi wa nyama jikoni, wali umeiva, na tempe zilizoungua kwa ajili yako."

"Bado nimekasirika, Mama Wening."

"Nani amekukataza? Njoo ukasirike umekaa. Ratri, mshike Mzee mkono, ingieni tule."