Kalibu Mbichi

"Umesaini?"

Mchongaji alikuwa juu ya ngazi, mikono imejaa udongo hadi viwikoni, akilainisha mkunjo wa gauni la sanamu ya mkunga ambayo ingesimamishwa mbele ya hospitali kuu ya jiji. Hakugeuka. Swali hilo alikuwa akilisubiri wiki nzima, ila hakujua lingemkuta siku gani.

"Nimesaini nini?"

"Mke wangu, usinifanye mtoto. Natoka karakana kubwa sasa hivi."

Watu walimwita mumewe Fundi Shaba, kwa sababu kulikuwa na wakati ambapo hakuna mtu jijini aliyejua kuyeyusha shaba na kuimimina kwenye kalibu kama yeye. Wakati huo ulikuwa umepita. Asubuhi hiyo alisikia kwamba sanamu ya mkewe ingemiminwa kwenye karakana kubwa, akapiga pasi shati, akaenda kuomba kibarua. Alidhani safari hii hawatamkataa. Bosi wa karakana alimkaribisha kwa heshima, akamketisha, kisha akafungua mtoto wa meza na kumwonyesha barua ya ofisi ya jiji. Iliandikwa kwamba mume wa msanii asiguse kazi hii hata kidogo, kutokana na uzembe wake wa zamani. Chini kulikuwa na saini ya mkewe.

"Walisema nisiposaini kazi wanampa mtu mwingine," Mchongaji alisema.

"Kwa hiyo ukasaini."

"Nikasaini."

Fundi Shaba alimtazama kwa jicho lake moja. "Na unajua kwamba siyo kweli."

Mchongaji alikuwa anajua. Dunia nzima waliokuwa wanajua ni wao wawili tu.

Ilikuwa miaka miwili nyuma. Walikuwa wakitengeneza sanamu ya mfagia barabara, ya kuwekwa kwenye uwanja wa soko, kazi kubwa ya kwanza ya Mchongaji. Kadi za uzinduzi zilikwisha sambazwa na mgeni rasmi amethibitisha. Fundi Shaba aliigusa kalibu kwa kiganja, akasema bado ina unyevu, ampe siku mbili zaidi za kuikausha motoni, kwani shaba ya moto ikikutana na maji inaruka. Mchongaji alijibu kwamba mgeni rasmi hatawasubiri. Wakabishana. Mwishowe alimwambia maneno ambayo hakuyasahau tena: "Kama unaogopa, sogea nimimine mwenyewe."

Mumewe hakusogea, akamimina yeye. Kalibu ililipuka kabla chombo hakijafika nusu. Shaba ilimrukia mumewe usoni na mkononi. Jicho la kushoto lilipotea, na vidole viwili vya mkono wa kulia vikashikana visiachane tena. Hospitalini, mtu wa jiji alikuja na karatasi akauliza ni nani aliyeamuru. Mgonjwa, uso wote bandeji, akajibu, "Mimi. Nilidhani imekauka." Mchongaji alikuwa amesimama miguuni mwa kitanda. Alifumbua mdomo, akaufumba.

Uzinduzi wenyewe uliahirishwa miezi mitatu, na hakuna aliyelalamika.

Tangu hapo jina la Mchongaji likapanda, la mumewe likazama. Kila karakana aliyobisha walimwambia ndiye yule aliyemimina kwenye kalibu mbichi. Na kila jioni mama mzazi wa Fundi Shaba, aliyekuwa akiishi nao, alimsimanga mwanawe mezani: amemtia mwenzake aibu, amshukuru Mungu kwa mke wa namna hii, maana mwingine angekwisha funga virago. Mchongaji alisikia sifa hizo, akainamia sahani yake.

Sasa Fundi Shaba hakupiga kelele. Alikwenda nyumbani, akatia nguo chache kwenye begi, akaenda kwa dada yake. Simu ya mkewe hakuipokea. Siku ya tatu alituma ujumbe: "Nipo salama. Mwambie mama asihangaike."

Mama mkwe hakuhangaika, alikasirika. Aliketi barazani akichambua mboga na kumlaani mwanawe kwa kumkimbia mke mwema. Mchongaji alivumilia nusu saa, kisha akapiga moyo konde, akaketi chini mbele yake.

"Mama, siku ile mwanao alinikataza."

"Alikukataza nini?"

"Kumimina. Alisema kalibu haijakauka. Mimi ndiye niliyemlazimisha. Alijitwika kosa langu, na mimi nikamwacha alibebe."

Mikono ya mama ilisimama juu ya ungo. Aliuliza mambo mawili matatu, taratibu, kama mtu anayehakikisha kwamba amesikia sawasawa. Mchongaji alijibu yote.

"Miaka miwili," mama alisema, "nimemsema mtoto wangu huku anahangaika kushika kijiko. Na wewe umekaa hapo hapo unanisikiliza."

"Nilikuwa nasikia, mama."

"Leo usiniite mama. Labda kesho."

Aliinuka, akaingia chumbani, na mboga zikabaki barazani.

Kesho yake Mchongaji aliandika barua moja, kwamba kosa la siku ile lilikuwa lake, akaitolea nakala. Ya kwanza aliipeleka ofisi ya jiji. Ofisa aliisoma akiwa amekunja uso, akamshauri airudishe mkobani. Jalada lilikwisha fungwa, alisema. Ya nini kujiharibia, na mkunga amebakiza wiki mbili tu? Mchongaji alijibu kwamba anaomba muhuri wa kupokelewa. Akagongewa. Nakala aliikabidhi kwa bosi wa karakana kubwa, aliyeisoma mara mbili amesimama, asimwambie hata karibu kiti.

Baada ya siku tano jiji lilimpigia. Kazi imesitishwa, itamaliziwa na msanii mwingine, naye aache funguo za banda la kuchongea kwa mlinzi. Alikwenda kuziacha. Mkunga alikuwa amefunikwa turubai lenye maji, udongo usipasuke. Hakulifunua.

Siku hiyo hiyo ujumbe uliingia: "Nimeanza kazi karakana kubwa. Bosi kanisomea barua yako." Aliandika jibu refu, akalifuta, akaandika jingine, nalo akalifuta. Mwishowe alituma "Hongera" peke yake.

Ikapita wiki ndipo Fundi Shaba alipopiga simu. Nyuma yake kulisikika nyundo.

"Mama kanieleza," alisema. "Anasema mkunga wamekunyang'anya."

"Ndiyo."

"Pole."

"Usinipe pole, mume wangu. Sistahili."

Nyundo ziligonga weee.

"Nikuulize," alisema Fundi Shaba. "Unadhani nilikuwa nangoja nini miaka yote hii?"

"Nilidhani umekubali yaishe. Wewe ndiye uliyenyamaza."

"Mimi nilinyamaza siku moja, ile ya hospitali. Siku zilizobaki zote ulinyamaza wewe."

Mchongaji alilia bila sauti, simu ameibana sikioni. Alimwomba msamaha, na hakutafuta maneno mazuri.

"La kalibu nilikusamehe kitandani pale pale," mumewe alimjibu. "Tulikuwa wawili, tulikuwa na haraka, mtu hukosea. Lakini saini uliiweka umetulia, kalamu mkononi. Hilo bado linanishinda. Sitaki kukudanganya."

Simu ikakatika. Mchongaji hakumpigia tena. Alipata kazi ndogo ya kuchonga majina kwenye mawe ya makaburi, akawa anaondoka asubuhi na kurudi alasiri, amejaa vumbi jeupe. Mama mkwe alianza kumjibu salamu, kisha akaanza kumwekea chakula. Zaidi ya hapo hawakuzungumza sana.

Jumamosi moja mchana mtu alibisha hodi. Alikuwa Fundi Shaba, amesimama nje ya mlango wa nyumba yake mwenyewe akisubiri kukaribishwa.

"Sijarudi," alisema kabla ya salamu. "Nimekuja tu."

"Nimeelewa. Karibu."

Alikaa barazani. Mama yake alimletea chai, akamshika ule mkono ulioungua, akaushikilia tu, halafu akaingia ndani haraka. Waliobaki walizungumza mambo ya kazi. Alimsimulia kwamba wamempa tanuru dogo kwanza, na kwamba vijana wa pale hawajamzoea. Mchongaji alimsimulia kuhusu mawe, jinsi yanavyopasuka usipoyajua mshipa. Alikuwa ameketi kwenye kigoda kushoto kwake, amejikunyata, akisema taratibu. Mumewe alilazimika kugeuza shingo yote kila mara anapomjibu.

Alipochoka, aliweka kikombe chini.

"Hamia huku," alisema. "Upande huo sikuoni."

Mchongaji akainuka na kigoda chake, akazunguka nyuma ya kiti cha mumewe, akaketi kulia kwake.