Nukta Mbichi

Jioni ile nilikwenda kununua karatasi nene. Mwenye duka alikuwa ameshashusha nusu ya mlango. Aliniona nainama kupita chini yake, akacheka.

"Mama, masomo ya ukubwani?"

"Ya ukubwani, mwanangu. Nipe kumi."

Mimi ni fundi cherehani. Shule niliishia darasa la saba. Nilikuwa najifunza nukta nundu, yale maandishi ya vipele ambayo wasioona huyasoma kwa vidole. Macho yangu mimi ni mazima, namshukuru Mungu. Asiyeona alikuwa binti yangu, naye tulikuwa tumemzika miezi minne nyuma. Homa ya siku tatu tu. Aliacha bahasha yenye karatasi thelathini na moja za maandishi hayo, zote zake.

Ndugu waliniambia, "Si umpelekee mwalimu wake akusomee?" Nikajibu nataka kusoma mwenyewe. Wakasema, huo ndio uchungu wa mwana.

Haukuwa uchungu. Ilikuwa hofu.

Alipokuwa na miaka tisa macho yalimuuma. Hospitali walitupa dawa, wakasema tuwe na subira. Sikuwa nayo. Nilimchukua kwa siri, hata baba yake hakujua, Mungu amlaze pema, nikampeleka kwa mganga aliyesema mtoto ametupiwa kitu. Yule mzee akamlaza mapajani pangu, akamtonea dawa machoni. Matone matatu jicho hili, matatu jicho lile. Ilinuka mafuta ya taa na nywele zilizoungua. Mtoto alipiga kelele. Mimi ndiye niliyemshika mikono.

Kulipokucha, hakuona tena.

Watu wote niliwaambia ni ugonjwa. Yeye pia nilimwambia hivyo, miaka kumi na mitatu. Kwa Mungu nilitubu. Kwake sikutubu. Nilitaka kujua kama alikuwa anajua. Na kama alijua akaandika, sikutaka kidole cha mtu mwingine kipite hapo.

Mwalimu wake, ambaye naye haoni, alinifundisha barazani kwake kila nikitoka kazini. Alinifunga kitambaa machoni kwa mkono wake.

"Mama, unachungulia."

"Sichungulii, Mwalimu."

"Umesoma upesi mno. Hicho kidole chako cha sindano hakijui kama hii ni karatasi au soli ya kiatu. Nipe cha kushoto. Jicho likiwa macho, kidole hulala."

Alinifundisha na kuandika. Unabana karatasi kwenye kibao chenye vidirisha, unatoboa kwa msumari wenye kishikio, toka kulia kwenda kushoto. Ukimaliza unaigeuza, ndipo vipele vinasomeka.

Nyumbani nilisoma karatasi za binti yangu moja moja. Nyimbo za kwaya. Masomo. Sala. Nilipomaliza ya thelathini, ya mwisho ilikuwa tupu. Niliipapasa mara mbili. Hakuna kitu. Nikapiga magoti, nikamshukuru Mungu. Siri yangu ilikuwa imezikwa.

Basi, jioni ile nilirudi nyumbani kutoka dukani, nikajifunga kitambaa nijizoeze. Nikaichukua ile tupu, niipapase tu, kama mtu anavyoshika nguo ya marehemu.

Haikuwa tupu.

Mstari mmoja. *Mama, nakumbuka harufu.*

Kesho yake nilimpelekea Mwalimu. Nilimwomba aguse neno la kwanza tu. Aligusa, akarudisha mkono haraka.

"Ni yeye," akanong'ona. "Alikuwa anabonyeza mno, kila nukta inakaribia kutoboka. Lakini, mama... hizi ni mbichi."

"Mbichi vipi?"

"Karatasi ikikaa miezi chini ya nyingine, nukta hulegea. Hizi zinachoma."

"Labda ni mimi, Mwalimu. Labda naandika usingizini."

"Labda." Alinirudishia karatasi. "Kama una jambo la kumwambia, mwambie yeye. Mimi usiniambie."

Jumamosi sikushona. Niliketi mchana kutwa na kibao na karatasi nene, nikaandika yote. Mganga. Matone. Uongo. Tk... tk... tk... Mkono ulivimba. Jua likiwa linazama nilimaliza, nikageuza karatasi, nikajifunga kitambaa, nikaanza kupitia makosa kama nilivyofundishwa.

Nilifika kwenye maneno *nilikushika mikono*.

Kidole changu kikagonga kidole.

Kilikuwa kinakuja kutoka mwisho wa mstari. Cha baridi, kama sindano ya asubuhi. Hakikurudi nyuma. Kilipanda juu ya changu, kikayapapasa yale maneno polepole, herufi kwa herufi. Kisha kikayarudia.

Nilitaka kusali.

Mkono ule ukapanda kwenye kifundo cha mkono wangu, begani, shingoni. Ukafika usoni. Hapo ndipo nilipoujua ukubwa wake. Binti yangu alikufa na miaka ishirini na miwili. Ule ulikuwa mkono wa mtoto wa miaka tisa.

Ukanisukuma paji la uso, taratibu, mpaka kichwa kikalala nyuma kwenye kiti. Nikabana pumzi.

Tone.

Juu ya kitambaa, jicho la kulia.

Tone... Tone...

Kisha la kushoto. Matatu.

Sikupiga kelele. Mikono yangu niliiacha mapajani. Safari hii sikumshika.

Nilipovua kitambaa chumba kilikuwa na mimi peke yangu, na mwanga kidogo wa dirishani. Nilikuwa naona. Naona hadi leo, natunga uzi bila miwani. Upande uliogusa macho yangu, kitambaa kilikuwa kikavu kabisa. Upande wa nje kilikuwa na madoa sita ya maji.

Nilikitia kwenye mfuko wa nailoni, nikaufunga fundo kabla sijavuta pumzi. Uko juu ya kabati. Kama ni machozi, mwanangu amenisamehe. Kama ni ile dawa...

Kwa kukinusa tu ningejua.

Kila jioni naushusha ule mfuko, nauweka mapajani, nashika fundo. Kisha naurudisha.